Kubaki au kuondoka: kanuni za misaada ya kibinadamu zinapogongana

Katikati ya Julai 1994, watu kati ya laki tano na laki nane walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, kwa muda wa siku nne hivi. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ni shida, kuchimba kaburi ni shida. Kipindupindu kikazuka, kikafuatiwa na kuhara damu, na kabla ya mwezi wa kwanza kwisha karibu watu 50,000 walikuwa wamekufa. Mashirika ya misaada yakafika kwa wingi na maji, dawa, maturubai na chakula, vifo vikashuka. Mpaka hapo hapakuwa na la kubishaniwa.

Ubishi ulianza magonjwa yalipotulia. Ndani ya kambi zile walikuwamo askari wa jeshi la Rwanda lililoshindwa vitani, wanamgambo wa Interahamwe, na viongozi waliosimamia mauaji ya kimbari nchini mwao miezi michache kabla. Hao ndio walioshika usukani wa kambi. Walitoa orodha zenye majina mengi kuliko vichwa vilivyokuwapo, wakachukua mgao wa ziada na kuuuza, wakawatoza watu kodi, wakawatisha waliotaka kurudi kwao na kuwaua baadhi yao. Unga ulioletwa kuokoa watoto ukawa unalisha pia jeshi lililokuwa likijipanga kurudi vitani. Novemba mwaka huohuo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) likafunga virago. Matawi mengine ya shirika hilohilo yakaendelea kutibu watu palepale kwa muda zaidi.

Wote walikuwa wahudumu wa afya, wote waliyaona mambo yaleyale, na kanuni walizozitaja zilikuwa zilezile. Ilikuwaje basi wakafikia maamuzi yanayopingana? Jibu langu kwa kifupi ni kwamba kanuni za misaada si orodha ya mambo mema yenye uzito sawa. Baadhi ni malengo na baadhi ni nyenzo za kuyafikia, na asiyezitofautisha hukwama siku ya kwanza zinapogongana.

Zilikotoka, na ipi ni ipi

Chimbuko la kanuni hizi hutajwa mara nyingi kuwa vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Juni 1859. Henry Dunant, mfanyabiashara kutoka Geneva, alikuta maelfu ya majeruhi wametelekezwa, na akawaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwahudumia bila kuuliza nani ni wa jeshi gani. Mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), na mwaka uliofuata ukatiwa saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Harakati ya Msalaba Mwekundu ilizitangaza rasmi kanuni zake saba huko Vienna mwaka 1965. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likachukua tatu kati ya hizo katika azimio namba 46/182 la Desemba 1991, yaani ubinadamu, kutopendelea na kutoegemea upande. Ya nne, uhuru, iliongezwa mwaka 2003.

Ubinadamu unadai mateso yazuiwe na yapunguzwe popote yalipo, na uhai na heshima ya mtu vilindwe. Kutopendelea ni kumfikia mtu kwa kadiri ya uhitaji wake tu, aliye hatarini zaidi akitangulia, bila kuangalia kabila, dini, chama wala jinsia. Kutoegemea upande ni kutojiunga na mpiganaji yeyote wala kuingia kwenye mabishano ya kisiasa na kidini. Uhuru ni kuhakikisha kwamba anayeamua msaada uende wapi haamui kwa ajili ya malengo ya kisiasa, kijeshi au kibiashara ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ndiye aliyelipia.

Jean Pictet, mwanasheria wa Uswisi aliyezichambua kanuni za Msalaba Mwekundu kwa kina kuliko wengi, aliona kwamba hazisimami ngazi moja. Ubinadamu na kutopendelea ndiyo makusudi yenyewe. Kutoegemea upande na uhuru vinatokana na hayo mawili, vipo ili makusudi yawezekane. Daktari asiyeegemea upande hupitishwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu askari wa kila upande wanaamini kwamba hakubeba silaha wala siri za adui. Asipopitishwa, mgonjwa wa ng'ambo ya kizuizi anakufa. Hiyo ndiyo thamani ya kutoegemea upande, na ikifika mahali haimfikishi daktari kwa mgonjwa, au inamgeuza kifuniko cha maovu, ni halali kuuliza kama bado inafanya kazi iliyoanzishiwa.

Ukiwa na mgawanyo huo mkononi, mzozo wa Goma unaanza kueleweka. Walioondoka hawakusema kwamba wagonjwa hawana thamani. Walisema msaada wenyewe umeanza kuzalisha mateso mengine, kwamba unawapa nguvu watu walioua na wanaokusudia kuua tena, na kwa hiyo ubinadamu uleule uliowaleta ndio unaowataka waondoke. Waliobaki walisema kambi zimejaa wanawake na watoto ambao hawakuua mtu, na kwamba kumnyima mtoto dawa kwa kosa la mwanamgambo wa hema la jirani ni kupendelea kwa njia nyingine. Wote walishika lengo moja. Walichotofautiana ni namna ya kupima madhara ya leo yaliyo wazi dhidi ya madhara ya kesho yanayotarajiwa. Na wote waliziomba serikali zenye majeshi ziwatenge wapiganaji na raia, kazi ambayo shirika la misaada haliwezi kuifanya. Serikali hazikuifanya. Mwaka 1996 vita vilizifikia kambi zenyewe, watu wakatawanyika, na wengi wakaangamia misituni.

Sisemi hivi kukwepa swali la nani alikuwa sahihi. Mimi naona kuondoka kulikuwa na hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu shirika lilikuwa limekwisha jaribu kubadili mfumo wa mgao likashindwa, na kwa sababu wakati huo kipindupindu kilikuwa kimekwisha dhibitiwa. Lau uamuzi uleule ungefanywa Julai, watu wakifa kwa maelfu, ungekuwa ukatili. Kanuni hazikubadilika kati ya Julai na Novemba. Hali ndiyo iliyobadilika.

Kusema au kunyamaza

Kutoegemea upande ndiyo kanuni inayoeleweka vibaya kuliko zote, na historia yake ina jeraha kubwa. Oktoba 1942 viongozi wa ICRC walikutana Geneva wakiwa na rasimu ya tamko la hadhara kuhusu namna raia walivyokuwa wakitendewa vitani, huku wakiwa wamekwisha pata habari za Wayahudi kuhamishwa na kuuawa. Waliamua wasilitoe. Walihofu kwamba watapoteza nafasi ya kuwatembelea wafungwa wa kivita, kazi iliyokuwa ikiokoa watu wengi. Baadaye ICRC yenyewe ilikiri kwamba ilishindwa.

Robo karne baadaye, katika vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 huko Nigeria, madaktari wa Kifaransa waliofanya kazi chini ya Msalaba Mwekundu walirudi na hasira kwamba walitakiwa kuona na kutosema. Hasira hiyo ni moja ya mambo yaliyozaa MSF mwaka 1971, shirika lililochukulia ushuhuda wa hadharani kuwa sehemu ya tiba. Lakini Biafra ilifundisha pia upande wa pili wa jambo hilo. Uongozi wa waasi ulizitumia picha za watoto wenye njaa kutafuta uungwaji mkono ng'ambo, na mpaka leo wapo wanaohoji kama msaada uliomiminika kwa sababu ya picha zile haukurefusha vita.

Desemba 1985 MSF Ufaransa ikafukuzwa Ethiopia baada ya kulaani hadharani uhamishaji wa lazima wa watu kutoka kaskazini kwenda kusini, uhamishaji ambao msaada wa njaa ulikuwa ukitumika kama chambo chake. Mashirika mengine yaliuona mpango huo yakanyamaza, yakaendelea kulisha watu.

Mtu wa nje hudhani hapa lazima uchague kambi, ya wasemao au ya wanyamazao. Walio kazini wanajua kuna njia nyingi katikati. Ripoti ya siri kwa kamanda ni kusema. Kumpa mwanahabari au shirika la haki za binadamu taarifa zisizomtambulisha mgonjwa ni kusema. ICRC huingia magerezani hadi leo kwa sababu huzungumza na wenye magereza faraghani, na shirika lingine laweza kupaza sauti kwa sababu ICRC imebaki ndani. Kinachotakiwa kuulizwa kabla ya kufungua mdomo ni kitu kigumu zaidi: nani atalipa gharama ya maneno haya? Mara nyingi si msemaji aliye makao makuu. Ni muuguzi mwenyeji aliyebaki wilayani, na mgonjwa ambaye zahanati yake itafungwa kesho yake. Watu hao wana haki ya kuulizwa kwanza, na kwa bahati mbaya ndio wa mwisho kujua.

Sheria inapoziba njia

Zipo nyakati mgongano hautoki ndani ya kanuni, unatoka sheria za nchi tajiri. Al-Shabaab waliposhika sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia, walidai malipo kutoka kwa mashirika na kutaka wanawake waondolewe kazini. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisimamisha kazi zake katika sehemu kubwa ya eneo hilo Januari 2010. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imelitangaza kundi hilo kuwa la kigaidi tangu 2008, na sheria yake inafanya kulipatia faida yoyote kuwa kosa la jinai. Shirika lililolipa ushuru wa barabarani ili lori lipite lilikuwa linajiweka hatarini kushtakiwa. Msaada kwa eneo lenye uhitaji mkubwa kuliko yote ukakauka mvua zikiwa zinakatika.

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Waliofika Mogadishu wakitafuta mgao walikuta wasimamizi wa kujipachika wanaomiliki viwanja vya kambi na kumega sehemu ya kila kilichogawiwa.

Ukitazama jambo hili kwa jicho la kanuni, kilichovunjika ni kutopendelea. Mtoto wa eneo la serikali na mtoto wa eneo la Al-Shabaab walikuwa na njaa moja, na mmoja akafikiwa. Ilichukua muda mrefu dunia kukiri hilo katika sheria: Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2664, linaloruhusu shughuli za kibinadamu kuendelea bila kuhesabiwa kuwa ukiukaji wa vikwazo vya mali vya Umoja wa Mataifa. Ni hatua kubwa, ingawa benki nyingi bado huogopa kupitisha fedha za mashirika kwenda maeneo ya aina hiyo, na hofu ya benki haiondolewi na azimio.

Utepe, maharage na bomba la maji

Hadi hapa nimezungumzia maamuzi makubwa. Ila sehemu kubwa ya maadili ya kazi hii hufanyika chini ya turubai, saa tatu asubuhi, mbele ya foleni.

Chukua utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mhudumu hutafuta katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, anauzungusha utepe bila kuubana, anasoma. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na rangi ni nyekundu. Kati ya 115 na 125 ni wa kadiri, rangi ya njano. Mtoto mwenye 113 anaandikishwa tiba na mama yake anapewa pakiti za lishe ya karanga za wiki nzima. Mtoto aliye nyuma yake ana 116. Pale ambapo hakuna programu ya utapiamlo wa kadiri, anarudi mikono mitupu, na mama anauliza kama ampeleke akakonde kidogo ndipo arudi.

Swali hilo ni la haki kabisa, na halijibiwi kwa kulegeza utepe. Mhudumu akimwonea huruma huyu kwa sababu analia, foleni ya kesho itakuwa ya wanaojua kulia na wanaofahamiana na mhudumu. Kutopendelea kunamtaka asome namba ileile kwa kila mkono. Lakini kunamtaka pia amweleze mama sababu kwa lugha anayoielewa, ampe siku ya kurudi kupimwa, na aandike kwamba watoto wa njano wamekuwa wangapi wiki hii, ili anayepanga bajeti asiweze kusema hakujua. Na kunamtaka ainue macho kutoka kwenye foleni. Anayepimwa ni yule aliyeweza kufika. Bibi asiyeweza kutembea, mtoto mlemavu aliyefichwa ndani, familia ya ukoo mdogo ambayo kiongozi wa mtaa hakuitaja kwenye orodha, hao hawamo. Shirika linaloridhika na foleni limewapendelea wenye miguu na wenye ndugu.

Maharage nayo yana lake. Ni chakula kizuri, yanakaa ghalani bila kuoza, yana protini. Ila yanaiva kwa saa nyingi, na kuni haziji na gunia. Mwanamke atakwenda kuzifuata porini, mbali zaidi kila mwezi kadiri miti ya karibu inavyokwisha. Huko Darfur na kuzunguka kambi za Dadaab, wanawake wengi walivamiwa na kubakwa wakiokota kuni. Aliyepanga mgao hakukusudia hayo, lakini yalikuwa yanaweza kutabirika, na kinachoweza kutabirika kinaingia kwenye hesabu ya wajibu wake. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990, hasa kupitia kazi ya mchumi wa Kimarekani Mary Anderson, mashirika yamefundishwa kuuliza kwa kila gunia na kila kisima: nani anapata nguvu kwa sababu ya hiki, nani anapoteza, na hatari inahamia wapi?

Vipimo vya chini vilivyotungwa baada ya Goma, vijulikanavyo kama viwango vya Sphere, vilianza kuandaliwa mwaka 1997 kwa sababu hiyohiyo. Vinasema lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani, choo kimoja kwa watu 20. Vinasaidia sana, kwa kuwa mkimbizi anaweza kuvitaja na kudai. Lakini navyo vina mtego. Kambi inaweza kufikia lita 15 wakati kijiji kilichowapokea wageni kinachota maji ya bwawa pamoja na mifugo. Wenyeji wakiona mgeni wa jana anakunywa maji safi kuliko wao, uhasama hauko mbali. Kuchimba kisima kinachotumiwa na pande zote mbili si ukarimu wa ziada. Ni kutopendelea kwa maana yake kamili, kwani uhitaji hauishii kwenye uzio wa kambi.

Anayeshika kadi

Mgawaji wa chakula ana madaraka kuliko polisi wa eneo lile. Anaweza kufuta jina. Mwaka 2002 uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) na Save the Children Uingereza uliibua madai kwamba wasichana katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone walikuwa wakitakiwa ngono ili wapate chakula, sabuni au turubai, na waliotajwa walikuwamo wafanyakazi wa misaada. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa agizo linalokataza kubadilishana fedha, kazi au bidhaa kwa ngono, na kukataza ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18 hata kama sheria ya nchi inaruhusu. Agizo halikumaliza tatizo. Tume huru iliyochunguza mwenendo wa watumishi wakati wa Ebola mashariki mwa Kongo, kati ya 2018 na 2020, iliripoti Septemba 2021 kuwapo kwa watuhumiwa 83, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe.

Wapo wanaosema baadhi ya wanawake hao walikubali. Mimi siwezi kuita ridhaa kukubali kwa mtu ambaye chakula cha wanawe kimo mfukoni mwa anayemuuliza. Na sioni maana ya sanduku la malalamiko lililotundikwa kwenye mlango wa ofisi ya huyohuyo anayelalamikiwa, likifunguliwa na msaidizi wake. Njia ya kulalamika inapimwa kwa swali moja, kama msichana wa miaka 15 asiyejua kusoma anaweza kuitumia bila jirani kujua.

Madaraka hayo yamehamia pia kwenye kompyuta. Alama ya kidole huzuia majina hewa, na wizi wa mgao si jambo dogo. Juni 2019 WFP ilisitisha sehemu ya msaada wake katika mji wa Sana'a, Yemen, ikisema chakula kinaporwa, na mvutano mkubwa na mamlaka za pale ulihusu usajili wa kibayometria. Lakini kumbukumbu zilizokusanywa kumlisha mtu zinaweza kumsaka. Januari 2022 iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye seva zilizohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000 wanaohudumiwa na ICRC na washirika wake, wengi wakiwa wamepotezana na jamaa zao kwa vita. Kabla ya kudai kidole cha mtu mwenye njaa, shirika linawiwa kumwambia nani mwingine ataiona alama hiyo, na kumpa njia nyingine ya kula akikataa.

Anayelipa

Uhuru huzungumzwa sana kwenye mikutano na kusahaulika kwenye bajeti. Oktoba 2001 Colin Powell, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyataja mashirika ya misaada kuwa yanaongeza nguvu ya majeshi ya nchi yake. Kwa kamanda wa upande wa pili nchini Afghanistan, kauli ya namna hiyo inatosha kumfanya kila mwenye gari jeupe aonekane mshirika wa adui. Na watakaolipa kwa damu ni wenyeji: mwaka 2024 waliuawa wafanyakazi wa misaada 383 duniani, na walio wengi walikuwa raia wa nchi walizokuwa wakihudumu.

Mwaka 2025 ulionyesha uso mwingine wa utegemezi. Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, programu zilisimama katikati ya tiba. Juni mwaka huo ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ilipunguza ombi lake kutoka dola bilioni 44 hadi bilioni 29, ikilenga watu milioni 114 walio katika hali mbaya kuliko wote. Waliobaki nje ya hesabu hawakuwa wamepona. Hapo kuna wajibu wa kimaadili unaopuuzwa: kutolitumia neno "uhitaji" kuficha ukosefu wa fedha. Familia iliyoondolewa kwenye mgao inastahili kuambiwa kwamba imeondolewa kwa sababu fedha hazipo, isiandikwe kwenye fomu kuwa sasa inajitegemea.

Uamuzi unavyofanywa

Watu waliozoea kazi hii hawaanzi kwa kuuliza kanuni gani imevunjwa, kwa sababu karibu kila siku kuna moja iliyopinda. Huanza kwa kutaja madhara: nani ataumia tukibaki, nani ataumia tukiondoka, na je, kuna njia ya tatu kama kupunguza, kuhamia mkoa mwingine au kukabidhi kwa shirika mwenza? Huwauliza wanaohudumiwa, na hasa wale wasiofika mikutanoni. Huandika hoja za waliokataa pia, pamoja na tarehe ya kuufungua uamuzi upya. Maandishi hayo yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Maridhiano mengi mabaya katika historia ya misaada yaliingia kidogokidogo, kila hatua ikiwa ndogo, pasipo mtu kukumbuka mstari wa mwanzo uliwekwa wapi.

Tarehe 24 Desemba 2022 mamlaka ya Taliban ilipiga marufuku wanawake wa Afghanistan kufanya kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali. Kesho yake Save the Children, Baraza la Wakimbizi la Norway na CARE yakasimamisha shughuli zao kwa pamoja. Hoja yao haikuwa haki za ajira peke yake. Katika sehemu nyingi za nchi ile mwanamume asiye ndugu hawezi kuzungumza na mwanamke nyumbani kwake, sembuse kumpima. Bila wahudumu wanawake, nusu ya wenye uhitaji hawafikiwi, na msaada unaoendelea unakuwa wa wanaume. Upande wa pili, ilikuwa majira ya baridi kali na mamilioni walikuwa wakitegemea mgao kuvuka miezi hiyo. Yapo mashirika yaliyobaki kwa sababu hiyo, nayo hayakuwa yamezisaliti kanuni.

Katikati ya Januari 2023 baadhi ya waliosimama walirudi, kwa sehemu. Walirejea kwenye afya na lishe, na kwingineko elimu, pale tu walipopata hakikisho kwamba wanawake watafanya kazi bila kuzuiwa, wakazungumza na maafisa wa sekta moja baada ya nyingine. Shughuli nyingine zikabaki zimefungwa. Aprili mwaka huohuo katazo likapanuliwa hadi kwa wanawake walioajiriwa na Umoja wa Mataifa, na kila shirika likalazimika kukaa tena mezani, na maswali yaleyale, kuuliza kama sharti lililorudia nalo Januari bado linatimizwa katika zahanati zake.